Je, hatari ya kemikali iko kwenye meli za mafuta peke yake?

Swali: Nimefanya kazi ya ubaharia wa sitaha kwenye meli za shehena kavu kwa miaka kadhaa, na sasa nimepata nafasi katika meli inayobeba mafuta yaliyosafishwa. Wenzangu wananiambia mambo matatu: kwamba kemikali za hatari ziko kwenye meli za mafuta na za kemikali tu, kwamba gesi yenye sumu hujulikana kwa harufu yake, na kwamba kuumwa kichwa baada ya kusafisha matangi ni jambo la kawaida ambalo mtu huzoea. Je, haya ni kweli? Na ni kemikali zipi hasa ninazopaswa kuziogopa?

Jibu: Ndugu baharia, katika mambo hayo matatu hakuna hata moja la kulitegemea, na la pili linaweza kukutoa uhai kabla hujapata nafasi ya kuligundua kosa lake. Nitaanza na la kwanza, kwa sababu linahusu meli ulizozitoka na ambazo huenda ukarudi kuzifanyia kazi.

Meli ya shehena kavu inaweza kuwa na sumu bila ya mtu yeyote kupakia pipa hata moja lenye alama ya fuvu. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 20.9, na vitu vingi vinavyopakiwa katika ngama, yaani chumba cha shehena, huila oksijeni hiyo polepole kwa muda wote ambao mifuniko imefungwa. Chuma chakavu huila kinaposhika kutu. Magogo na vipande vya mbao huila vinapooza na kuchacha. Makaa ya mawe huila yanapogusana na hewa, na baadhi yake hutoa methani na kaboni monoksaidi. Ferosilikoni, yaani mchanganyiko wa chuma na silikoni, ikipata unyevu hutoa haidrojeni pamoja na fosfini na asini, gesi mbili ambazo kiasi kidogo sana hutosha kumdhuru mtu. Hata vidonge vya mbao vinavyosafirishwa kwa ajili ya kuchomwa katika mitambo ya umeme, ambavyo kwa macho ni shehena ya kitoto kabisa, huwa na mafuta ya asili ya mti ambayo yakioksidika hutoa kaboni monoksaidi na wakati huohuo hupunguza oksijeni. Mwaka 2006, katika bandari ya Helsingborg nchini Uswidi, baharia mmoja alifariki na mfanyakazi wa bandari akajeruhiwa vibaya walipoingia katika njia ya ngazi iliyopakana na ngama yenye vidonge vya aina hiyo. Zingatia kwamba hawakuwa ndani ya shehena. Walikuwa kwenye ngazi ya pembeni, mahali ambapo mtu hupita bila kufikiri, na hewa ya ngama ilikuwa imepenya na kujaa humo.

Tena si lazima pawepo na shehena. Chumba cha mnyororo wa nanga, tangi tupu la maji ya uzani (yale ya kuituliza meli isiyumbe), au nafasi ya katikati ya kuta mbili za meli ambayo haijafunguliwa kwa miezi, vyote hivyo vina chuma kilicholowa maji ya chumvi, na kutu yake peke yake inaweza kuishusha oksijeni hadi kiwango ambacho binadamu hawezi kuishi. Kwa hiyo ukiniuliza ni kemikali ipi imenitia hofu zaidi katika kazi hii, nitakujibu kwamba ni ile isiyokuwepo: oksijeni iliyotoweka mahali palipofungwa.

Inafaa uelewe kwa nini hofu hiyo ni kubwa kiasi hicho. Mtu anayezibwa pumzi huhisi kubanwa na kupapatika, lakini hisia hiyo haisababishwi na kukosa oksijeni. Husababishwa na kaboni dayoksaidi inayorundikana mwilini. Ukiingia katika hewa iliyojaa naitrojeni, au hewa ambayo kutu imeinyonya, unaendelea kutoa kaboni dayoksaidi nje kama kawaida, kwa hiyo kifua hakikubani na mwili haukupi onyo lolote. Oksijeni ikifika karibu asilimia 16 uamuzi wa mtu huanza kuharibika, naye hajijui. Ikifika 10 anaweza kuzirai. Ikiwa chini ya 6 pumzi mbili tatu zinatosha kumwangusha, na mtu aliyeanguka chini ya tangi hana namna ya kujiokoa. Katika meli unayokwenda, naitrojeni au gesi ya moshi uliosafishwa itakuwa ikiingizwa makusudi ndani ya matangi ili mvuke wa mafuta usilipuke, na kiwango cha oksijeni humo hutakiwa kisizidi asilimia 8. Hali inayolinda meli isilipuke ni hiyohiyo inayomuua mtu anayechungulia kwa kuingiza kichwa katika tundu la tangi. Wengi hudhani kuchungulia si kuingia. Kwa mapafu yako hakuna tofauti.

Na hapa ndipo unapokuja ule msiba unaojirudia katika taarifa za ajali mwaka baada ya mwaka: mmoja anaanguka, mwenzake anamwona, anashuka mbio kumtoa, naye anaanguka juu yake, kisha wa tatu. Hakuna njia ya kuuondoa msukumo huo kwa maneno, maana unatokana na utu, na ndiyo sababu mkataba wa SOLAS, ule wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, umelazimisha tangu 1 Januari 2015 kwamba mabaharia wenye jukumu la kuingia au kuokoa katika nafasi zilizofungwa wafanye zoezi lake kila baada ya miezi miwili. Zoezi hilo lichukuliwe kuwa kazi kamili, lisiwe picha ya kupiga na kuweka katika faili. Aliye mlangoni kazi yake ni kupiga king'ora na kubaki nje mpaka watu wenye mitungi ya hewa wafike. Kile kifaa kidogo cha kutorokea, chenye hewa ya dakika 10 au 15, kimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayetoka. Asiingie nacho mtu popote. Barakoa ya chujio nayo haitengenezi oksijeni: huchuja kilichomo hewani, na kama oksijeni haimo, unachuja hewa isiyokufaa kitu.

Tangu 1 Julai 2016 meli zinazohusika na mkataba huo zinatakiwa ziwe na kifaa cha mkononi cha kupimia hewa, chenye uwezo wa kupima angalau oksijeni, gesi zinazowaka, haidrojeni salfaidi na kaboni monoksaidi. Miongozo ya Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, iliyopitishwa mwaka 2011, kabla ya kupitiwa upya mwaka 2025, ilitaka oksijeni iwe asilimia 21, mvuke unaowaka usizidi asilimia 1 ya kiwango cha chini kabisa cha kulipuka, na gesi yoyote yenye sumu isizidi nusu ya kikomo chake cha kazini, yaani kiwango cha juu kinachoruhusiwa mtu kuvuta kazini, kabla mtu hajaingia. Pima juu, katikati na chini, kwa sababu gesi nyingine hukaa chini na nyingine huelea. Na ukitumia mpira mrefu wa kuvutia hewa, subiri muda ambao mtengenezaji amesema, maana kifaa kinaweza kukuonyesha tarakimu nzuri huku hewa ya chini ikiwa bado iko katikati ya mpira. Anza kusoma oksijeni, kwa sababu vipimo vingi vya gesi inayowaka hufanya kazi kwa kuiunguza ndani ya kifaa, na pasipo na oksijeni ya kutosha havisomi sawasawa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona mabaharia wazoefu hawalipi uzito wake. Kifaa hicho cha gesi nne hakioni kila kitu. Tuchukue benzini, sumu inayoharibu utengenezaji wa damu, ambayo utakutana nayo ndani ya petroli, nafta na bidhaa nyingine utakazobeba. Mvuke wa benzini huanza kuweza kulipuka ukifika takribani asilimia 1.2 ya hewa, yaani sehemu 12,000 katika kila sehemu milioni. Asilimia moja ya kiwango hicho ni sehemu 120 katika milioni. Kifaa kikisoma 1, au hata kikisoma 0 kwa sababu hakina wepesi wa kutosha, mtu husema tangi ni safi. Lakini nchini Marekani, kwa mfano, kikomo cha kisheria cha benzini kwa zamu ya saa nane ni sehemu 1 katika milioni, na nchi nyingine zimeshuka chini ya hapo. Ni kweli kwamba mvuke wa petroli si benzini tupu, kwa hiyo hali halisi haitakuwa mbaya kama hesabu hiyo inavyoonyesha, ila hoja inabaki: kipimo cha mlipuko kinakwambia kama meli italipuka, wala hakikwambii kama damu yako iko salama. Benzini hupimwa kwa mirija maalumu inayobadilika rangi au kwa kifaa kilichotengenezwa kwa ajili yake, na ukiwa kwenye meli ya mafuta yaliyosafishwa una haki ya kuuliza vifaa hivyo viko wapi na ni nani aliyefundishwa kuvitumia.

Kuhusu harufu, mfano ulio wazi kuliko wote ni haidrojeni salfaidi. Gesi hii hupatikana katika mafuta ghafi, katika mafuta mazito ya kuendeshea injini, katika matangi ya maji taka ya chooni, na katika ngama za meli za uvuvi ambamo samaki wameoza. Ikiwa kidogo sana, chini ya sehemu 1 katika milioni, pua hunusa yai viza mara moja, na hapo ndipo imani ya wenzako inapozaliwa. Lakini ikifika karibu sehemu 100 katika milioni, mishipa ya kunusa hupooza kwa dakika chache na harufu hupotea, jambo ambalo mtu hulitafsiri kwamba gesi imeondoka, kumbe imeongezeka. Ikipita sehemu 700 hivi, mtu anaweza kuanguka na kuacha kupumua baada ya pumzi chache. Benzini nayo ina harufu tamu isiyochukiza, na watu wengi huanza kuinusa ikiwa tayari imepita kikomo mara kadhaa. Kaboni monoksaidi haina harufu kabisa. Naitrojeni haina. Kwa hiyo harufu mbaya ichukulie kama sababu ya kuondoka, na kutokuwepo kwa harufu usikuchukulie kama ruhusa ya kubaki.

Kuna sumu moja zaidi ya meli za shehena kavu ambayo lazima niitaje kwa urefu, kwa kuwa huua watu wakiwa vitandani. Nafaka inaposafirishwa, mara nyingi hufukizwa njiani kwa vidonge au vifuko vya aluminiamu fosfaidi, ambavyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini ili kuua wadudu. Gesi hiyo hutakiwa ibaki ndani ya ngama kwa siku kadhaa za safari. Meli nayo ina mabomba, njia za nyaya, mashimo ya kutu na milango ya zamani, na fosfini hupita popote hewa inapopita, mpaka vyumba vya kulala. Kikomo kinachotumika sana kazini ni sehemu 0.3 katika milioni. Baadhi ya watu huinusa kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini harufu hiyo hutokana zaidi na uchafu uliochanganyika nayo, na fosfini safi inaweza isinuswe. Dalili zake za mwanzo ni kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kichwa na uchovu, yaani dalili zilezile za chakula kibovu, na ndiyo maana mpishi hulaumiwa kwanza huku watu wakiambiwa walale wapumzike katika vyumba vilevile vinavyowadhuru. Mabaharia wawili au zaidi wakitapika katika meli iliyofukizwa, watoeni wote nje kwenye hewa safi, pimeni vyumba, kisha muombe ushauri wa daktari kwa redio. Hakuna dawa mahususi ya kuiondoa fosfini mwilini, kwa hiyo kuchelewa hakuna fidia.

Mwongozo wa IMO kuhusu ufukizaji wa ngama unataka mabaharia wasiopungua wawili, mmoja wao akiwa afisa, wafundishwe na mfukizaji kabla hajashuka melini. Wapewe vifaa vya kupimia fosfini na vya kujikinga. Na vyumba vya kuishi na mahali pa kazi vipimwe angalau kila baada ya saa nane, matokeo yakiandikwa katika kitabu cha meli. Iwapo umewahi kusafiri na nafaka na hukuona mtu akipita na kifaa katika ushoroba wa vyumba vyenu, basi ulikuwa na bahati tu. Wenzetu wa bandarini wanaofungua makontena wanakabiliwa na jambo hilohilo kwa sura nyingine: kontena lililofukizwa linatakiwa libandikwe alama ya onyo, lakini alama hubanduka, au haikubandikwa kabisa, na hata lisilofukizwa linaweza kuwa limejaa mvuke wa gundi, rangi na viyeyusho vilivyotoka katika bidhaa zenyewe wakati wa safari ndefu ya joto. Milango ifunguliwe, hewa ipite, ipimwe, ndipo mtu aingie.

Sasa turudi kwenye meli unayokwenda. Katika meli ya mafuta yaliyosafishwa hutavuta mvuke mwingi ukiwa ndani ya tangi, kwa kuwa kuingia tangini kuna kibali na usimamizi; utauvuta zaidi katika kazi ndogondogo za sitaha ambazo hakuna anayeziandikia kibali: kufungua tundu la kupimia kina, kuchukua sampuli, kufungua mpira wa kupakulia ambao bado una masalia, kukausha mafuta yaliyomwagika kwenye trei, kusimama upande ambao upepo unakuletea mvuke unaotoka katika mabomba ya kupumulia ya matangi wakati wa kupakia. Simama upande upepo unakotoka. Ni kinga isiyogharimu kitu. Vipimo vya njia iliyofungwa, ambavyo havihitaji kufungua tundu, vitumike kila vinapopatikana, hata kama vinachelewesha kazi kwa dakika chache. Glavu nazo zichague kwa kemikali husika, kwa maana benzini hupita katika ngozi na pia hupita katika baadhi ya mipira ya glavu, na glavu iliyoloa ndani ni mbaya kuliko mkono mtupu kwa sababu huishikilia sumu kwenye ngozi. Chujio za barakoa hujaa. Ukianza kunusa kitu kupitia chujio, umechelewa kuibadilisha. Nguo za kazi zilizoloa petroli zisipelekwe chumbani.

Siku utakapopanda meli ya kemikali, mambo yatakuwa mengi zaidi, kwa sababu shehena hubadilika safari hadi safari na kila moja ina tabia zake. Baadhi, kama akrilonitraili, huzaa sayanaidi mwilini na hudai dawa zake mahususi ziwepo melini. Usikubali kufanya kazi na shehena ambayo hujaonyeshwa karatasi yake ya maelezo ya usalama. Karatasi hiyo ina sehemu 16, na mtu asiye na muda asome angalau sehemu ya 4 inayohusu huduma ya kwanza, ya 8 inayohusu vikomo na kinga, na ya 10 inayohusu vitu ambavyo kemikali hiyo haipatani navyo.

Sehemu hiyo ya 10 ingewaokoa hata wanaosafisha vyoo. Dawa ya kung'arishia yenye klorini ikichanganywa na tindikali ya kuondolea magamba ya chooni hutoa gesi ya klorini, na chumba cha choo cha meli ni kidogo na hakina dirisha. Katika chumba cha mitambo kuna magadi makali ya kutibu maji ya boila na ya kuoshea moshi, ambayo tone moja likiingia jichoni linaweza kuondoa uwezo wa kuona, kwa hiyo miwani ya kufunika jicho na bomba la kuoshea macho lazima viwe karibu na si sitaha ya pili. Moshi wa dizeli uliwekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani mwaka 2012 katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Gesi ya kaboni dayoksaidi ya kuzimia moto, ikifunguliwa kwa makosa mtu akiwa ndani ya chumba hicho, humuua. Meli za uvuvi zina amonia katika mitambo ya baridi, na zile za kuvua kambamiti huwahifadhi kwa chumvi ya metabisalfaiti ambayo ikilowa hutoa salfa dayoksaidi ndani ya ngama; wavuvi hawa hufikiwa na mafunzo kwa nadra kuliko mabaharia wa meli kubwa, jambo ambalo naliona kuwa aibu ya sekta nzima.

Zipo pia zile zisizo na haraka. Asbestosi ilizuiwa kufungwa upya melini kuanzia 1 Julai 2002, isipokuwa katika vifaa vichache, na tangu 1 Januari 2011 hata hivyo vichache vikaondolewa. Lakini meli za zamani bado zinasafiri, na hata katika meli mpya kumekutwa vipande vya kuzibia mabomba vyenye asbestosi vilivyonunuliwa bila kuchunguzwa. Kipande kilichotulia hakimdhuru mtu. Kinachodhuru ni vumbi lake kinapokatwa, kukwanguliwa au kupulizwa na hewa ya kasi, nalo huchukua miaka 20 hadi 50 kuzaa saratani ya utando wa mapafu. Wanaovunja meli kuukuu hukutana nayo kwa wingi, pamoja na risasi ya rangi za zamani na masalia ya mafuta, na Mkataba wa Hong Kong wa mwaka 2009, unaotaka kila meli iwe na orodha ya vitu vya hatari vilivyomo, ulianza kutumika tarehe 26 Juni 2025. Omba kuiona orodha hiyo kabla hujatumwa kufumua kizuizi cha joto cha bomba lolote.

Rangi za meli nazo zimepungua ukali kwa upande mmoja: zile zenye bati ya kikaboni, zilizokuwa zikipakwa chini ya meli kuzuia viumbe wasishike, zilipigwa marufuku kwa mkataba ulioanza kutumika mwaka 2008. Hata hivyo rangi ngumu za sehemu mbili zinazochanganywa bado zina isosayaneti au epoksi. Mtu ambaye mwili wake umeshajenga chuki na isosayaneti anaweza kupata pumu kali kwa kiasi kidogo ambacho mwenzake hakihisi, na hakuna kurudi nyuma baada ya hapo. Ataacha kazi hiyo. Moshi wa kuchomelea vyuma hali kadhalika, hasa chuma kisichoshika kutu na chuma kilichopakwa zinki au rangi ambayo haikuondolewa kwanza.

Niongeze neno fupi kuhusu nishati mpya, kwa kuwa utazikuta kabla hujastaafu. Methanoli inawaka kwa mwali ambao mchana ni vigumu kuuona, inapita katika ngozi, na mwili huigeuza kuwa asidi ya fomiki inayoharibu mshipa wa jicho. Dalili zake huchelewa kwa saa kadhaa. Amonia nayo humwonya mtu kwa harufu kali ikiwa kidogo, ila mvujo mkubwa haumpi muda wa kuondoka. Wanaozisifu kwamba ni safi wanazungumzia anga, na wako sahihi. Mabaharia watakaozihudumia ni suala jingine.

Limebaki jambo la tatu, la kichwa kuuma. Mvuke wa mafuta na viyeyusho hulewesha ubongo, na kuumwa kichwa, kizunguzungu, uchangamfu usio na sababu au kichefuchefu baada ya kusafisha tangi ni ishara kwamba ulivuta kiasi kilichopita kiasi. Ni kweli kwamba baada ya wiki kadhaa huenda usiumwe tena, kwa sababu ubongo hujirekebisha. Ila uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, haujirekebishi hivyo, na benzini huushambulia kimya mpaka chembe za damu zipungue au saratani ya damu ijitokeze. Aliyezoea amepoteza king'ora chake tu. Kwa hiyo kichwa kikikuuma baada ya kazi ya tangi au ya sitaha wakati wa kupakia, mwambie afisa wako siku hiyohiyo, na utake iandikwe katika kumbukumbu za afya za meli pamoja na jina la shehena, kazi uliyokuwa ukifanya na muda uliochukua. Kwa aliyehisi kuathirika na benzini kuna kipimo cha mkojo kinachoonyesha mabaki yake, lakini mkojo huo uchukuliwe mwishoni mwa zamu, kwa kuwa baada ya siku mbili tatu hauna la kusema.

Kabla hujapanda meli hiyo mpya, fanya kipimo cha damu kamili ili uwe na matokeo ya kulinganishia, kisha urudie kila mwaka. Chembe nyeupe zikianza kushuka kidogo kidogo, hata zikiwa bado ndani ya kiwango cha kawaida, daktari anayejua kazi yako atatilia shaka mapema. Asiyejua ataona karatasi nzuri na kukuruhusu kwenda. Weka mwenyewe daftari la meli ulizofanyia kazi, shehena zake na miaka yake. Kampuni hufungwa, meli hubadilishwa majina na bendera, na mara nyingi daftari hilo ndilo litakalokuwa ushahidi pekee mkononi mwako pale daktari, au mwanasheria wa fidia, atakapokuuliza miaka 30 baadaye ulivuta nini na wapi.